Mwenyeheri Albert Joubert: padre wa Ziwa Tanganyika aliyebaki Fizi



Wapendwa wasomaji, waseminari wenzetu na waamini wa parokia zetu, tukitaja wafiadini wa ukanda wetu, akili zetu hukimbilia mara moja Namugongo. Ni haki kabisa, kwa maana Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake ni fahari yetu sote. Wengi wetu tunamfahamu pia Mwenyeheri Anuarite, sista kijana wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Lakini siku tatu tu kabla yake, katika nchi hiyohiyo na katika vita vilevile, aliuawa padre mmoja ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa maji yale tunayoyaona tukifika Kigoma. Huyo ni Mwenyeheri Albert Joubert, padre wa jimbo, mtoto wa mama Mwafrika na baba Mfaransa. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Katika makala haya tunapenda kuyatazama maisha yake pamoja na kifo chake na cha wenzake watatu. Tunaanza na baba yake mzazi, kwa sababu bila kumjua baba hatutaona vizuri alichokifanya mwana.

Baba aliyeshika bunduki

Léopold Louis Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Akiwa kijana wa miaka 18 alikwenda Italia kujiunga na askari wa kujitolea waliomlinda Papa Pio IX, kikosi ambacho baadaye kiliitwa Wazuavu. Alipigana upande wa Papa mpaka tarehe 20 Septemba 1870, siku ambayo Roma ilitekwa na jeshi la ufalme wa Italia. Wakati huo alikwisha kupanda cheo akawa kapteni.

Vita ile ikaisha, lakini kapteni hakuikunja imani yake pamoja na sare. Miaka hiyo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tumezoea kuwaita Mapadre Weupe, alikuwa akiwatuma wanawe kwenye maziwa makuu. Njia yao ilipita kwetu: Bagamoyo, Tabora, hadi Ujiji. Ilikuwa safari ya miezi, kwa miguu, katikati ya homa na vita. Mwaka 1881 mapadre wawili na mlei mmoja msaidizi wao waliuawa Rumonge, katika Burundi ya leo. Lavigerie aliwatafuta walei waliokuwa askari ili wawalinde wamisionari na watu waliokimbilia kwao. Kapteni Joubert alikuwa mmoja wa waliokubali.

Mwaka 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwaachia Mapadre Weupe vituo viwili vya ziwani. Kimoja ni Karema, ambayo leo iko katika mkoa wetu wa Katavi, na kingine ni Mpala, ng'ambo ya pili. Kapteni Joubert alipita Karema, na mwaka 1887 akaenda kukaa Mpala. Baadaye alianzisha kijiji cha Mtakatifu Luis huko Mrumbi, karibu na Moba. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaunguza vijiji vya pwani ya ziwa. Watu waliotoroka minyororo, akina mama na watoto wao mgongoni, walikimbilia kwa kapteni. Yeye aliwafundisha vijana wa pale kushika silaha, na mara kadhaa walipigana na makundi ya wafanyabiashara wa watumwa.

Hatumwandiki kapteni huyu kama mtu asiye na maswali. Alikuwa Mzungu mwenye bunduki katika Afrika, miaka ileile ambayo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana ardhi yetu mezani. Hata hivyo, tofauti na wengi, yeye hakuja kuchuma na kuondoka. Mwaka 1888 alifunga ndoa takatifu na Agnes Atakao, binti Mkristo wa huko huko ziwani. Akalima, akalea watoto, akazeeka hapo, na akafa hapo mwaka 1927 akiwa na miaka 85.

Mtoto wa Mrumbi

Albert alizaliwa Mrumbi tarehe 18 Oktoba 1908, siku ya Mtakatifu Luka Mwinjili. Baba yake alikuwa tayari na miaka 66. Katika Kongo ya utawala wa Wabelgiji, mtoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika mara nyingi hakuwa na kwao. Wengi walikataliwa na baba zao. Wengi walinyang'anywa mama zao na kupelekwa kulelewa mbali, jambo ambalo serikali ya Ubelgiji iliomba radhi hadharani mwaka 2019, baada ya miaka mingi sana. Albert alijaliwa neema ambayo wenzake hao hawakuipata: wazazi waliofunga ndoa, wakaishi pamoja, na hawakumficha.

Kulikuwa na neema nyingine. Tarehe 21 Julai 1917, Albert akiwa hajatimiza miaka tisa, Stefano Kaoze alipewa daraja takatifu ya upadre huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Kaoze ni Mkongo wa kwanza kupadrishwa katika nyakati hizi zetu, na alikuwa mtoto wa nchi ileile ya Marungu. Sisi tuliozoea kuwaona mapadre wazalendo kila Dominika ni vigumu kuelewa uzito wa siku ile. Kwa mtoto wa pale, kuanzia siku hiyo, upadre haukuwa tena kitu kinachoshuka kutoka kwenye meli.

Albert naye akaingia seminari. Alilelewa na Mapadre Weupe kwa miaka mirefu ya Kilatini, falsafa na teolojia, masomo ambayo sisi pia tunayatolea jasho leo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 18, hivyo hakumwona mwanawe akipanda altareni. Albert alipadrishwa tarehe 6 Oktoba 1935, siku chache kabla ya kutimiza miaka 27.

Kuanzia hapo ni miaka 29 ya kazi za kawaida za padre: parokia na shule, Misa na kitubio, katekisimu na mazishi. Msomaji anayetafuta miujiza katika miaka hiyo hataipata. Tunaona vema kulitaja jambo hili, kwa sababu mara nyingi tunamfikiria mfiadini kama mtu wa siku moja. Padre Albert alikuwa padre kwa siku zaidi ya elfu kumi kabla ya ile iliyomfanya ajulikane.

Mwaka wa 1964

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Miezi michache baadaye, Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa, na nchi haikutulia tena. Mwaka 1964 uasi mkubwa ulienea mashariki. Wapiganaji wake waliitwa Simba. Wengi walikuwa vijana wadogo walionyunyiziwa dawa na kuaminishwa kwamba risasi za adui zitageuka maji. Sisi Watanzania tunaoikumbuka Maji Maji ya mwaka 1905 hatuhitaji kuelezwa sana. Walikuwa na malalamiko ya kweli, kwa kuwa uhuru haukuwaletea watu wa kawaida walichokitumainia. Lakini hasira ile ilimwaga damu ya wengi wasio na hatia, na wengi zaidi kati yao walikuwa Wakongo wenyewe.

Mwezi Mei Simba waliuteka mji wa Uvira. Askofu wa huko, Mhashamu Danilo Catarzi, pamoja na wamisionari na masista, walishikwa na kuzuiliwa hadi Oktoba, mji ulipokombolewa. Lakini upande wa kusini, Fizi na Baraka ziliendelea kuwa mikononi mwa waasi. Huko walikuwako watumishi wanne wa Injili.

Baraka iko ufukweni. Hapo alikuwapo Padre Luigi Carrara, mwenye miaka 31, na Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30. Fizi iko juu milimani. Hapo alikuwapo Padre Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, na Padre Albert. Hao watatu wa kwanza walikuwa Waitaliano, Wamisionari Wasaveri, shirika lililoanzishwa Parma mwaka 1895 na Mtakatifu Guido Maria Conforti. Padre Albert kwa umri angeweza kuwa baba yao, na yeye peke yake kati yao alikuwa amezaliwa Kongo.

Tarehe 18 Oktoba mwaka huo Padre Albert alitimiza miaka 56. Siku hiyohiyo, mjini Roma, Papa Paulo VI aliwatangaza Wafiadini wa Uganda kuwa watakatifu. Kanisa la Afrika lilishangilia. Kwa Padre Albert zilikuwa zimebaki siku 41.

Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakiletwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, kuwaokoa Wazungu walioshikwa mateka. Waasi waliona wamepigwa na mataifa ya nje, na hasira yao ikawaangukia wale waliokuwa karibu: raia wa kigeni, mapadre, watawa, na Wakongo waliodhaniwa kuwa upande wao.

Jumamosi ile

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi. Kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na huko Baraka Padre Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alasiri gari la kijeshi likasimama mbele ya kanisa. Kiongozi wa waasi aliyekuwa ndani yake alimwamuru Bruda Faccin apande. Bruda alikataa. Akapigwa risasi, akafa palepale.

Padre Carrara aliposikia alitoka nje. Naye akaambiwa apande garini. Aliutazama mwili wa ndugu yake, akakataa kwenda, akapiga magoti kando yake. Akauawa hapo hapo, magotini.

Gari likaanza kupanda milima kuelekea Fizi. Lilifika jioni. Padre Didonè ndiye aliyefungua mlango wa misheni. Alipowaona aliielewa hali, akafanya ishara ya msalaba, na risasi ikampata. Kisha risasi zikamwangukia Padre Albert, naye akafa. Kwa muda wa alasiri moja misheni mbili zilibaki bila mchungaji, na asubuhi ya Majilio ikawakuta waamini wa Baraka na Fizi bila Misa.

Je, walikufa kwa sababu ya imani au kwa sababu ya siasa?

Swali hili huulizwa, na sisi tunaosoma falsafa hatupaswi kulikimbia. Mtu anaweza kusema: ilikuwa vita, waliuawa kwa kuwa walikuwa Wazungu, au kwa kuwa walifanana nao. Hasira ya wakati ule ilikuwa na mambo mengi ndani yake, hatukatai. Lakini sababu iliyoko moyoni mwa muuaji ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni sababu iliyomfanya aliyeuawa awe mahali pale. Kilichomfanya Carrara awepo Baraka saa ile ni kiti cha maungamo. Kilichowafanya Didonè na Albert wafungue mlango Fizi ni parokia waliyokabidhiwa. Hawakuwa na shamba, duka wala cheo cha kulinda. Kanisa lilikusanya ushahidi, likaupima, na mwishowe likatamka kwamba waliuawa kwa chuki dhidi ya imani.

Kuna swali la pili, na hili hutugusa zaidi: kwa nini hawakuondoka? Bwana wetu mwenyewe aliwaruhusu mitume wake kukimbilia mji mwingine wanapoteswa. Mtakatifu Agustino, Wavandali walipokuwa wakiivamia Afrika ya Kaskazini, aliulizwa na askofu mwenzake kama wachungaji wanaweza kukimbia. Mafundisho yake, kwa ufupi, ni haya: anayetafutwa yeye binafsi anaweza kukimbia ikiwa wapo wengine watakaowahudumia watu, lakini hatari ikiwa ya wote, mchungaji asiwaache wale ambao hawana pa kukimbilia. Wakristo wa Fizi hawakuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo uasi ulipoingia, mapadre walibaki, wakaendelea kusali nao na kuwapa sakramenti.

Hapa ndipo tunapomrudia kapteni. Baba alipowaona wanyonge wanashambuliwa, alisimama mbele yao na bunduki. Alikuwa mlei na askari, na Kanisa linafundisha kwamba kuwalinda wasio na hatia kwaweza kuwa wajibu. Mwana alikuwa padre. Alipowaona wanyonge wamezingirwa, hakuwa na silaha ya kuwapa. Alichokuwa nacho ni kukaa nao.

Je, mwana alikuwa na ushujaa mdogo kuliko wa baba? Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia. Anapoeleza fadhila ya nguvu ya moyo, anaonyesha kwamba ina matendo mawili: kushambulia na kustahimili. Kisha anafundisha kwamba tendo lililo kuu ni kustahimili. Sababu zake zinaeleweka hata bila kitabu. Anayeshambulia hujiona yeye ndiye mwenye nguvu zaidi, ilhali anayestahimili husimama mbele ya aliye na nguvu kumzidi. Anayeshambulia huitazama hatari kama jambo lijalo, lakini kwa anayestahimili imekwisha kufika. Tena kushambulia kwaweza kuwa kwa ghafla, bali kustahimili kunahitaji muda. Waliobaki Fizi na Baraka walistahimili kuanzia Mei hadi Novemba. Risasi ilikuja mwishoni mwa miezi sita ya kuamka kila asubuhi na kuamua tena kwamba hawaondoki.

Tunajifunza nini?

Kiswahili chetu kina hazina katika jambo hili. Tunasema mfiadini, na tunasema pia shahidi, neno lilelile tunalolitumia mahakamani. Shahidi wa mahakamani ana kazi moja: kufika, kusimama alipowekwa na kusema alichokiona. Asipotokea siku ya kesi, maneno aliyoyasema barazani hayana faida. Padre Albert alitokea.

Hapa Nangara hatujazingirwa na waasi, na tunamshukuru Mungu kwa amani ya nchi yetu. Lakini kila mmoja wetu atakayejaliwa kupadrishwa atapangiwa siku moja parokia ambayo moyo wake haukuichagua: kigango cha mbali, barabara inayokatika masika, nyumba isiyo na umeme, watu waliochoka kuona mapadre wakija na kuomba uhamisho. Huko hakuna atakayetupiga risasi. Kutakuwa na uchovu tu, na upweke, na simu za wenzetu walioko mjini. Tukimtazama Padre Albert tuangalie kwanza ile miaka 29 ya parokia na shule, maana alikuwa amezoea kubaki muda mrefu kabla gari halijafika mlangoni.

Nanyi wazazi mnaotusoma, mtazameni kapteni na Agnes. Walimpa mtoto wao jina lao, nyumba yao na sala zao, katika jamii ambayo haikujua imweke wapi mtoto wa namna yake. Miito mingi katika parokia zetu huanzia kwenye kukubaliwa kwa namna hiyo nyumbani.

Tarehe 18 Agosti 2024, karibu miaka 60 baada ya kifo chao, Padre Albert Joubert, Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin walitangazwa wenyeheri mjini Uvira. Ibada iliongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa kwa niaba ya Papa Fransisko. Waliohudhuria ni watu ambao hadi leo hawajapumzika na vita. Wengine wa nchi ile ya Fizi na Baraka tunaishi nao hapa Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, na baadhi ya watoto wao hawajawahi kuliona ziwa kutoka upande wa kwao. Ifikapo tarehe 28 Novemba, tunapojiandaa kuingia Majilio, tuwaombee hao pamoja na mapadre waliochagua kubaki nao.

Mwenyeheri Albert Joubert na wenzako, mtuombee.